Kompyuta inajizima mchana: nilipe bodi, nipige Windows, au ningoje korosho ninunue mpya?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Mikindani. Miaka miwili iliyopita, malipo ya korosho yalipoingia, tulinunua lapitopu ya mtumba kwa shilingi 450,000. Kwenye maelezo ya ndani inasoma i5-6300U, RAM 4, diski ya 500. Binti yetu anasoma uhasibu chuoni, anaitumia akija likizo na wakati wa fildi. Mimi naweka humo hesabu za kikundi chetu cha VICOBA na picha zote za familia. Siku hizi ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi bado inazunguka tu. Asubuhi inafanya kazi hata saa nzima, lakini mchana inapata moto kwa chini, feni inalia, halafu inajizima bila onyo. Ukichomoa chaja haifikishi dakika kumi. Fundi wa kwanza amesema bodi imeungua kwa sababu ya umeme kukatika na kurudi, anataka 380,000 aibadilishe. Wa pili amesema ni virusi, anapiga Windows mpya kwa 20,000. Mtoto wa dada yangu anasema tusihangaike, Windows 10 imeshakufa, tungoje korosho tununue mpya kabisa, ameona moja dukani kwa 650,000. Kompyuta inakaa chumba ambacho mume wangu anahifadhi salfa na mabomba ya kupulizia. Nifuate neno la nani?"

Marahaba, dada. Umeeleza dalili kwa saa na kwa tabia, na hiyo ni nusu ya kazi ya fundi. Unachoogopa nakielewa: fedha ya korosho huingia kwa msimu, na hapa kuna watu watatu wanaokuvuta pande tatu, kila mmoja na bei yake. Nikwambie mapema ninavyoona. Kwa haya uliyoandika, sioni sababu ya kulipa 380,000 ya bodi kwa sasa. Kupiga Windows peke yake hakutaliondoa tatizo. Na hiyo mpya ya 650,000 ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Nitaeleza kila moja, ila kuna kazi inayotakiwa kutangulia.

Okoa kwanza hesabu za kikundi na picha. Fundi anapopiga Windows mpya, mara nyingi anafuta sehemu ya diski yenye Windows, na hapo ndipo zinapokaa nyaraka na picha za watu wengi. Akikuuliza "kuna kitu cha muhimu humu?" wakati ameshaanza, umechelewa. Fanya kazi hiyo alfajiri au asubuhi mapema, maana umesema saa hizo haijizimi. Weka mashine mezani, chomeka chaja, anza na mafaili ya VICOBA kwa kuwa ni madogo na ni mali ya watu, kisha endelea na picha. Ukimaliza, peleka flashi au diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, fungua mafaili manne matano uone kama yanafunguka kweli. Jihadhari na flashi zinazouzwa kwa bei ya kutupa huku zimeandikwa ukubwa wa ajabu. Zipo zinazojitambulisha kuwa na GB 512 wakati ndani zina chache tu. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, na siku ya kufungua hukuti kitu. Hesabu za kikundi ziweke pia kwenye akaunti ya Google ya mmoja wenu. GB 15 za bure zinazidi mno mahitaji ya mafaili ya Excel. Wakati unanakili, ukisikia diski ikigonga "tak, tak, tak" mfululizo, zima mara moja na usiiwashe tena. Nitarudi hapo chini.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Dalili zako zinaonekana kutokana na hitilafu tatu tofauti zilizokutana kwenye mashine moja, na nadhani ndiyo maana kila aliyeitazama ameona lake. Kuchelewa kuwaka ni jambo moja, kujizima mchana ni jambo la pili, chaji kuisha upesi ni la tatu. Ukizichanganya utalipia kitu kimoja kikubwa ukitumaini kitaponya vyote.

Tuanze na kuchelewa. Diski yako ya GB 500, kwa umri wa mashine hiyo, karibu hakika ni ile ya kuzunguka: ndani kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachohama huku na huku kutafuta data. Kila kinapotumwa mahali pengine, hutumia takriban milisekunde 10 hadi 15 kufika. Zinasikika kuwa ndogo, lakini Windows ikiwaka inafungua maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Juu ya hapo una RAM ya GB 4 tu. Fikiria karani wa ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mwenye meza ndogo inayobeba daftari mbili. Kila mkulima anayefika, karani anainuka, anarudisha daftari moja ghalani, anachukua jingine, anarudi. Hana uvivu hata kidogo, ila siku nzima inaishia njiani. RAM ndiyo meza, diski ndiyo ghala. RAM ikijaa, Windows huhamishia baadhi ya vitu kwenye diski kwa muda, na diski ya kuzunguka ndiyo sehemu ya polepole kuliko zote humo ndani.

Hili usiliamini kwa maneno yangu tu, lipime. Kompyuta ikiwa imewaka na imekwama, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka Task Manager. Tazama safu zilizoandikwa Memory na Disk. Ukiona Disk imeganda kwenye 100% kwa dakika nyingi, au Memory iko 85% na zaidi kabla hujafungua chochote, umeshapata jibu. Kisha mwombe fundi, au binti yako, aweke programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Hiyo husoma kumbukumbu za afya ambazo diski yenyewe hujiwekea: buluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ikija njano, Windows mpya uliyolipia 20,000 itakuwa imewekwa kwenye diski inayokufa, na huenda baada ya muda ukarudi kulekule.

Virusi navyo vinaweza kuwepo, hasa kama flashi za steshenari zinaingia na kutoka humo. Endesha ukaguzi kamili wa Defender, kinga inayokuja na Windows yenyewe, usiku mmoja palipopoa. Lakini virusi havina tabia ya kungoja jua la mchana ndipo vizime mashine.

Dawa ya kuchelewa ni kuondoa diski hiyo na kuweka SSD. SSD haina sahani wala kichwa kinachohama. Huifikia data kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. GB 256 zinatosha nyumba kama yako. Katika matengenezo yote ya kompyuta za zamani, hili ndilo ninalolisimamia bila kusitasita, kwa sababu mtu hulihisi dakika ileile ya kwanza. Lina faida nyingine pia: ukinunua SSD ya inchi 2.5 na kompyuta hii ikaja kufa, unaitoa na kuihamishia kwenye mashine nyingine yenye nafasi ya diski ya aina hiyo, au unaitia kwenye kasha la USB ikawa diski ya nje. Fedha haijapotea. RAM ya kuongeza hadi GB 8 inafuata, ila hapo uwe mwangalifu. Mashine za kizazi cha sita cha Intel, kama yako, zilitoka kipindi cha mpito: nyingine zina RAM ya DDR3L, nyingine DDR4, na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Fundi afungue asome kilichomo ndipo ununue. Ikiwa ni DDR4, hata hiyo utaweza kuihamishia kwenye kompyuta nyingi za vizazi vinavyofuata. Ikiwa ni DDR3L, inunue kwa bei ya chini au uache.

Jambo la pili, kujizima. Hapa ndipo 380,000 zako zinapopiganiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, hutoa joto. Bomba dogo la shaba hulibeba joto hilo hadi kwenye mapezi membamba ya chuma pembeni, na feni husukuma hewa ipite humo. Kati ya prosesa na shaba kuna pesti inayoziba mianya ili joto lipite. Baada ya miaka mingi pesti hiyo hukauka ikawa kama chokaa, na vumbi hujishona ndani ya mapezi likawa kama blanketi. Feni inalia kwa sababu inasukuma hewa isiyo na pa kutokea. Prosesa hujilinda kwa hatua mbili: kwanza inajipunguzia kasi, na hilo nalo linaongeza ule uzito unaouona, kisha joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi mashine inajizima ghafla ili isiungue. Kumbuka pia kwamba feni haiwezi kuipoza kompyuta ikawa baridi kuliko hewa ya chumbani. Mchana wa Mikindani mwezi wa kumi na moja, chini ya bati, hewa inayoingia tayari ni ya moto. Na mashine hizi hunyonya hewa kwa chini. Ukiiweka juu ya godoro au kanga umeiziba pua.

Sasa linganisha na bodi iliyoungua. Bodi iliyoungua kwa umeme kwa kawaida haiwaki kabisa, au inawaka bila kuonyesha kitu, au haipokei chaji. Haifanyi kazi saa nzima asubuhi kisha ikaungua upya kila mchana. Tatizo linalofuata joto la siku linanielekeza kwenye mapezi, feni na pesti, na hiyo ni kazi ya kusafisha.

Lakini nimtendee haki fundi wako wa kwanza, maana sijaiona mashine. Zipo sehemu za bodi, hasa zile zinazogawa umeme kwa prosesa, ambazo zikichoka huanza kuleta shida zinapopata joto. Kwa hiyo pima kwa utaratibu. Mwombe fundi afungue, asafishe mapezi kwa brashi na hewa huku ameishika feni isizunguke ovyo, afute pesti ya zamani kwa spiriti safi, aweke mpya. Kisha aweke programu ya kusoma joto, kama HWMonitor, na muiache ikicheza video mchana kweupe. Ikifanya kazi saa mbili na joto likatulia kwenye 60 au 70, kesi ya bodi imekwisha. Ikipanda mbio hadi 95 na kuzima, pesti haikukaa vizuri au feni imechoka. Feni ya kubadilisha hupatikana. Ikizima ghafla huku joto linasoma 60 tu, na diski imeshabadilishwa, na betri imetolewa ikatumia chaja nzuri peke yake, basi fundi wa kwanza ana hoja na nitamuunga mkono kwamba hitilafu iko kwenye bodi. Hata hapo, 380,000 ni karibu bei mliyonunulia mashine nzima. Nisingeitoa. Ningechukua diski na RAM nikahamia mashine nyingine.

Kuhusu umeme, fundi hakusema uongo kwamba unaumiza vifaa. Mtwara na Lindi zimetumia kwa miaka mingi umeme wa mitambo ya gesi asilia iliyoko hapahapa Mtwara, nje ya gridi ya taifa, na kila aliyeishi huku anajua vipindi vya mgao na taa zinazofifia. Ila kompyuta mpakato imejengwa kuvumilia. Soma maandishi madogo kwenye adapta yako, utaona inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo hauisumbui kama unavyosumbua friji. Kinachoumiza ni mshtuko wa umeme unaporudi. Umeme ukikatika, chomoa adapta ukutani. Ukirudi, ngoja dakika chache. Kama una TV guard yenye kuchelewesha umeme unaporudi, inafaa kabisa kwa adapta hii. Na adapta ikifa, usinunue kwa kutazama tundu tu: volti lazima zilingane na za zamani, ampea ziwe sawa au zaidi.

Jambo la tatu ni betri, na hapa nitapita upesi. Fungua sehemu ya kutafuta, andika cmd, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakupa faili yenye namba mbili: uwezo betri iliyozaliwa nao na uwezo wa kujaa ilionao sasa. Kwa dakika kumi ulizotaja, nategemea ya pili iwe sehemu ndogo sana ya ya kwanza. Betri kwetu ina kazi kubwa kuliko kubeba kompyuta barazani: umeme ukikatika ukiwa katikati ya hesabu, ndiyo inayokupa muda wa kuhifadhi na kuzima kwa amani. Bila hiyo, kila katizo ni kuzima ghafla, na kuzima ghafla huharibu mafaili na kuumiza diski ya kuzunguka. Hata hivyo inunue ya mwisho, baada ya kusafisha na SSD kuonyesha kwamba mashine ni nzima, maana betri haihamii kwenye mashine nyingine. Ukiona sehemu ya kugusia chini ya kibodi imeinuka, au kompyuta haikai sawa mezani, betri imevimba. Acha kuitumia siku hiyohiyo, usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa. Peleka kwa fundi aitoe.

Kuna jambo umelitaja mwishoni kama la kupita, nami naona ni zito kuliko umeme: salfa. Salfa ya unga mnayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga hushambulia shaba na fedha, na madini hayo mawili yamejaa kwenye viungio na njia za umeme za kompyuta. Hata bila kumwagika, hutoa mvuke kidogo kidogo, hasa chumba kikiwa cha moto, na juu ya shaba hujengeka tabaka jeusi linalokula njia hizo nyembamba. Ongeza hewa ya chumvi ya ghuba ya Mikindani na unyevu, mambo yanaenda haraka zaidi. Vumbi lenyewe la salfa linaziba mapezi yaleyale ninayokuomba usafishe. Hamisha kompyuta leo, au hamisha salfa. Visilale chumba kimoja. Mwambie mume wako nimesema hivyo, asidhani ni wewe unayemfukuza na mifuko yake. Fundi akifungua, muombe atazame kama shaba imegeuka nyeusi au kuna ukungu wa kijani kwenye viungio. Viungio vya RAM vikiwa vimechakaa kidogo, kuvifuta kwa kifutio laini na spiriti mara nyingi hutosha. Ukiona weusi umeenea bodi nzima, usiweke fedha zaidi kwenye mashine hiyo isipokuwa SSD utakayoondoka nayo.

Sasa Windows 10. Mtoto wa dada yako amesema kweli nusu. Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa hilo. Inaendelea kufanya kazi kama jana, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa baadaye hayazibwi. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Angalia kwenye ukurasa wa Windows Update kama mashine yako inakupa nafasi ya kujiunga. Kuhusu Windows 11, Microsoft inataka, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Yako ni kizazi cha sita. Fundi anaweza kukuambia anaiingiza kwa njia ya mlango wa nyuma, na inaingia kweli, lakini Microsoft haikuahidi kuendelea kuisasisha. Kwa hesabu za kikundi na masomo inavumilika. Kuingia benki kwa mashine isiyopata masasisho, hapana, tumia simu. Ipo pia njia ya kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na nyepesi, na LibreOffice inafungua mafaili yako ya Excel. Kwako ingetosha. Kwa binti wa uhasibu inategemea: vyuo vingi hufundishia programu za hesabu zinazotaka Windows, kwa hiyo muulize kwanza anatumia nini.

Ndiyo maana mpango wangu una mwisho. Mashine hii irekebishwe kwa gharama ndogo, kusafisha na SSD, ibaki ya nyumbani na ya VICOBA. Binti, akielekea mwaka wa mwisho, anunuliwe nyingine. Hapo ndipo fedha ya korosho iingie, na hapo ndipo ninapotaka usikilize kuhusu "mpya".

Kompyuta mpya kabisa za bei ya chini mara nyingi hubeba prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi isiyoongezeka, na hifadhi ya eMMC, nayo iliyochomelewa kwenye bodi, ya GB 64. Windows 11 yenyewe inataka GB 64 kama kima cha chini. Yaani siku unayoifungua kwenye boksi nafasi imeshabaki ndogo, na mara nyingi fundi hawezi kuiongezea. Itang'aa, itanukia upya, na mwakani utaniandikia swali hilihili. Mtumba wa ofisini wa kizazi cha nane, wenye RAM 8 na SSD, kwa kawaida umejengwa imara zaidi, unafunguka, vipuri vyake vipo, na unapokea Windows 11 kihalali. Sijaiona hiyo ya 650,000. Nenda ukasome maelezo yake. Ukikuta maneno Celeron na eMMC, toka dukani.

Usitishwe na i7 iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tazama namba inayofuata baada ya kistari. i7-6600U ni ya kizazi cha sita na ina viini viwili; i5-8250U ni ya kizazi cha nane na ina vinne, na inaishinda kazi kwa mbali. Namba ikianza na 10, 11 au 12, hicho ndicho kizazi: i5-1135G7 ni kizazi cha kumi na moja.

Ukinunua mtumba, iwashe hapohapo na uketi nayo. Andika herufi zote za kibodi. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Toa ile ripoti ya betri. Chomoa chaja utumie dakika ishirini. Zima uwashe tena ukiingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya msingi ya mashine inayotangulia Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache, kwani kompyuta za ofisi za nje huja na vifuli ambavyo mwenye kampuni anaweza kuviamsha hata baadaye. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa. Watu wengi huku hupenda kuagiza Kariakoo kwa sababu ya bei, na bei kweli huwa chini. Ila ikikataa baada ya wiki, kuna nauli ya basi kwenda na kurudi Dar es Salaam na siku mbili zako. Kwa mtu wa Mikindani, duka la Mtwara mjini linalouza ghali kidogo lakini unaweza kurudi kwa bajaji lina thamani ambayo haijaandikwa kwenye bei.

Mambo ambayo usijaribu nyumbani ni haya: betri iliyovimba, harufu ya kuungua, maji au chai iliyomwagika ndani, na diski inayogonga. Maji yakiingia, chomoa chaja, zima kwa kushikilia kitufe, igeuze kifudifudi, na usiiwashe "kuona kama imepona" mpaka ifunguliwe. Maji ya chumvi yanataka fundi siku hiyohiyo. Diski inayogonga yenye picha ambazo hazina nakala isiguswe na anayepiga Windows. Inahitaji mtu wa kuokoa data, kazi hiyo ni ghali na pengine itakupeleka Dar es Salaam, ndiyo maana nilianza na nakala.

Ukienda kwa fundi, yeyote kati ya hao wawili, mpe kazi moja kwa wakati: leo safisha na uniwekee pesti, nisimame nikiona. Mwambie kila kifaa anachokitoa akurudishie mkononi. Akisisitiza ni bodi, muulize amepima wapi na kwa kifaa gani, akuonyeshe. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Wengi hufurahi kupata mteja anayetaka kuelewa.

Ukimaliza kusafisha, niandikie mambo matatu: joto lilisoma ngapi mchana, CrystalDiskInfo imetoa rangi gani, na RAM iliyomo ni DDR3L au DDR4. Kwa hayo nitakwambia kama uongeze RAM, au uishie kwenye SSD na kungoja msimu.